Serikali zikikata feza, nani atahesabu ndege?

Somo la kusoma pamoja katika kikundi au koperative



Toka mwanzo wa mwaka 2025 kuna neno moja tunalisikia katika kila mkutano: feza imekatika. Tumelisikia kwa mbuto, kwa dawa za hospitali, kwa chakula cha wale waliokimbia vita. Leo tunataka kuongea juu ya upande mmoja ambao watu hawausemi sana: ndege wa porini, na watu ambao kazi yao ni kuwahesabu, kuwachunguza na kuwalinda.

Tunajua mutu anaweza kuuliza: "Sisi tunakosa jembe, nyinyi munatuletea habari ya ndege?" Ni swali zuri, na tutalijibu wazi wazi katika sehemu ya tano. Tunaomba tu musome kwanza mpaka pale.

Mwisho wa somo hili, kila mwanachama ataweza:
- kueleza feza ya utafiti wa ndege inatoka wapi na kwa nini inakatika kwa urahisi;
- kutaja mambo matatu ambayo mkulima anapoteza kama utafiti huo umesimama;
- kuanzisha kaye ya ndege katika koperative yake, bila kungojea mradi.

1. Feza ya ndege inatoka wapi?

Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini hakuna ofisi kubwa inayoitwa ofisi ya ndege. Feza ya ndege mara nyingi inasafiri ndani ya feza ya kitu kingine. Mfadhili anatoa pesa juu ya sokwe wa mlimani, juu ya pori, juu ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Ndani ya pesa hiyo, mtafiti anapata siku chache za kuhesabu ndege. Ni kama mama anayepakia kabichi zake juu ya chukudu ya mwenzake: chukudu ikisimama njiani, kabichi nazo zinalala pale pale.

Tuchukue mifano ambayo inajulikana.

Serikali ya Marekani ilianzisha mwaka 1995 programu ya mazingira ya Afrika ya Kati inayoitwa CARPE, chini ya USAID. Programu hiyo iligawa pori la bonde la Kongo katika maeneo makubwa 12. Matatu kati ya hayo yanatugusa sisi wa mashariki: eneo la Virunga, eneo la Maiko-Tayna-Kahuzi-Biega, na eneo la Ituri-Epulu-Aru. Kila mahali ambapo pori linalindwa, ndege wanalindwa pia, hata kama jina lao halikuandikwa kwenye karatasi ya mradi.

USAID hiyo hiyo ilianzisha mwaka 2009 mradi wa PREDICT, ambao ulitafuta virusi kwa wanyama wa pori katika nchi nyingi, na nchi yetu ilikuwa kati yake. Hofu ya homa ya ndege ni moja ya sababu zilizofanya mradi huo uzaliwe. Ulifungwa mwaka 2020.

Mbuga ya Virunga inasimamiwa na ICCN pamoja na Virunga Foundation, na Umoja wa Ulaya ni kati ya wafadhili wake wakubwa. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1925, kwa hiyo imetimiza miaka 100. Aina za ndege zilizoonekana ndani yake ni zaidi ya 700. 

Kwa hiyo tunaona jambo la kwanza: ndege wetu wanategemea maamuzi yanayofanyika Washington, London, Brussels na Kinshasa. Watu wanaokata bajeti pale hawajui kama mukono wao umegusa ndege wa Rutshuru au wa Lubero.

2. Nini kimetokea mwaka 2025?

Tarehe 20 Januari 2025, rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha musaada wa nje kwa siku 90. Mwezi wa Machi, waziri wake wa mambo ya inje alitangaza kwamba karibu asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai 2025, USAID ikafunga milango yake. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya musaada wa kibinadamu uliofika katika nchi yetu. Kwa hiyo shimo ni kubwa sana.

Si Marekani peke yake. Mwezi wa Februari 2025 Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza musaada wake wa nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la nchi mpaka asilimia 0.3 mwaka 2027. Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji nazo zimepunguza.

Hata watafiti wa ndege ndani ya Marekani yenyewe waliingia wasiwasi. Kule kuna ofisi ya serikali inayoweka pete ndogo kwenye miguu ya ndege ili kujua wanasafiri wapi. Kazi hiyo inaendelea toka mwaka 1920. Ofisi hiyo iko ndani ya idara ya utafiti wa viumbe, na pendekezo la bajeti ya mwaka 2026 lilitaka idara ile yote iondolewe. Kwa hiyo tusifikiri kwamba ni sisi tu tuliosahauliwa. Pale feza inapopungua, kazi ya kuhesabu viumbe ni kati ya zile zinazokatwa kwanza, kwa sababu ndege hawaandamani na hawapigi kura.

Kwetu, jambo hili liliangukia juu ya jingine. Mwisho wa Januari 2025 vita ilifika Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Hata mradi uliobaki na feza ulikuwa na shida ya kulipa watu na kutuma vifaa.

3. Mkulima anapoteza nini?

Tutataja mambo matatu. Kila moja limetokea kweli, hapa au pengine.

Jambo la kwanza: onyo la ugonjwa wa kuku na bata.

Mwezi wa Januari 2017, wavuvi wa Uganda waliona ndege wa maji wamekufa wengi kandokando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Wakatoa habari. Maabara ikapima, ikakuta ni homa ya ndege ya aina ya H5N8, na kuku na bata wa vijiji vya kule nao walikuwa wameanza kufa. Mwaka huo huo homa ya ndege ikaingia kwetu pia, Ituri, kandokando ya Ziwa Albert.

Tuangalie mnyororo huu: mvuvi anaona, anasema, mtu wa mifugo anafika, anachukua kipimo, maabara inapima, habari inarudi kijijini. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Mvuvi hakatiki, yeye yuko ziwani kila siku. Kinachokatika ni zile pete za katikati: petroli ya pikipiki ya veterineri, sanduku la barafu, dawa za kupimia, mshahara wa mtu wa maabara. Maabara kubwa ya mifugo ya nchi iko Kinshasa. Kipimo kinachotoka Goma bila uwanja wa ndege kinafika namna gani? Na kuku anayekufa kwa kideri, ugonjwa ambao veterineri wanauita Newcastle, anafanana sana na kuku anayekufa kwa homa ya ndege. Kwa macho peke yake huwezi kutenganisha. Mama mwenye kuku 30 atapoteza zote, na hatajua ilikuwa nini, na mwezi unaofuata atanunua kuku wengine na kuwaweka ndani ya kibanda kile kile.

Jambo la pili: kujua dawa gani inaharibu.

Mfano huu unatoka India, lakini kila mfugaji wa ngombe anapaswa kuujua. Katika miaka ya 1980, watafiti walikuwa wanahesabu tai wala mizoga katika mbuga moja ya kule, Bharatpur. Katika miaka ya 1990 walipohesabu tena, tai walikuwa wanakwisha. Kwa nchi nzima, aina tatu za tai zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Watu walifikiri ni ugonjwa. Mwaka 2004 ndipo sababu ilijulikana: dawa ya maumivu inayoitwa diclofenac, ambayo wafugaji walikuwa wanawapa ngombe. Ngombe akifa na dawa mwilini, tai akala mzoga, figo zake zinaharibika, anakufa. India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Hasara haikuishia kwa tai. Mizoga ikabaki inaoza karibu na maji. Mbwa wa mitaani wakapata chakula kingi, wakazaa sana, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukaenda juu. Walioumia ni watu wa vijiji.

Sasa swali: bila ile hesabu ya miaka ya 1980, nani angesema kwamba tai wamepungua? Watu wangesema tu, "zamani walikuwa wengi," na mkubwa wa serikali angejibu, "wazee wanapenda kusifu zamani." Hesabu ndiyo iligeuza maneno ya wazee kuwa ushahidi.

Jambo la tatu: wasaidizi wa shamba.

Wengi wetu tunamuogopa bundi. Tunasema ni ndege wa wachawi, akilia juu ya paa mtu atakufa. Lakini bundi wa ghalani, yule mwenye uso mweupe kama sahani, chakula chake kikubwa ni panya. Familia moja ya bundi hao inaweza kula panya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Mahindi na maharagwe tunayoyapoteza ndani ya depo, mengine yanaliwa na panya. Kijiji kinachoua bundi wake kinalisha panya wake. Vilevile yangeyange wanaofuata ngombe, na mbayuwayu wanaoruka chini chini juu ya shamba, wanakula wadudu kutwa nzima bila kuomba mshahara.

Haitoshi kusema kwamba ndege ni wazuri wote. Wako ndege wadogo wanaoharibu mtama na mpunga, na mtoto anayefukuza ndege shambani toka asubuhi anajua uchungu wake. Lakini hapo pia utafiti unasaidia: unatuambia ni aina gani inaharibu, wakati gani, na ni aina gani haina kosa. Bila kujua, tunaweka sumu kwa wote, tunaua mwizi pamoja na mlinzi.

4. Feza ikikatika, kinachovunjika ni nini?

Mradi wa barabara ukisimama miaka miwili, unaweza kuanza tena pale ulipoishia. Barabara iko pale, imeharibika kidogo, lakini iko. Hesabu ya ndege haiko vile. Mwaka ambao hamkuhesabu umepotea, haurudi hata kwa feza nyingi. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu leo ndege wa mwaka jana.

Tutumie mfano wa kubuni. Koperative mbili zinahesabu yangeyange kila mwezi kwenye bonde moja la mpunga.

Koperative ya kwanza imeandika: Januari 40, Februari 38, Machi 41, Aprili 22, Mei 20, Juni 18.

Koperative ya pili imeandika: Januari 40. Halafu kaye ikakosekana. Juni 18.

Zote mbili zinajua kwamba yangeyange wamepungua. Lakini ya kwanza peke yake inajua lini: kati ya Machi na Aprili. Kwa hiyo inaweza kuuliza: mwezi ule tulifanya nini? Kuna mtu alileta dawa mpya ya wadudu? Kuna miti ya kulalia iliyokatwa juu ya makala? Au ni ndege wamesafiri tu, kama kawaida ya majira? Mwaka unaofuata itaangalia tena Aprili, na kama hesabu imebaki chini, itajua si majira. Koperative ya pili haina swali la kuuliza. Ina huzuni tu.

Sisi watu wa Goma tuna mfano mwingine, na huo si wa kubuni. Ofisi inayochunguza volkano zetu, OVG, ilikuwa inapata musaada wa Benki ya Dunia. Musaada huo uliisha mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa ofisi ikakosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka vyombo vilivyowekwa mlimani. Intaneti ilirudi mwezi wa Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021 usiku, Nyiragongo ukatoka, na watu wakakimbia bila onyo. Wataalamu bado wanabishana kama vyombo vingeweza kuonya mapema, kwa sababu mlima ule ni mgumu kusoma. Lakini hakuna anayebisha kwamba mgonjwa ambaye hakupimwa joto kwa miezi mingi, daktari wake anafanya kazi gizani.

Kitu cha pili kinachovunjika ni watu. Mtu wa kutambua ndege kwa sauti, ndani ya pori ambamo huoni mita 20, hafundishwi kwa wiki mbili. Inachukua miaka. Mshahara ukikatika, anatafuta kazi nyingine: anaendesha moto ya kubeba watu, anavuka mpaka, anauza simu. Hata mradi ukirudi, yeye harudi.

Kitu cha tatu ni vitu vilivyowekwa akiba. Kusini mwa ziwa letu, karibu na Bukavu, kuna kituo cha Lwiro. Wabelgiji waliunda taasisi ya IRSAC mwaka 1947, na Lwiro ikawa makao yake makubwa. Leo kinaitwa CRSN-Lwiro. Ndani yake kuna maktaba, mimea iliyokaushwa, na ndege na wanyama waliohifadhiwa toka zamani. Baada ya uhuru feza ya serikali ilipungua sana, halafu vita zikafuata. Kama vitu hivyo viko mpaka leo, ni juu ya wafanyakazi wa Kongo walioendelea kufungua milango na kufukuza mende, hata nyakati ambazo mshahara haukuwa unafika.

Kwa nini ndege aliyekauka kwenye kabati ana maana? Sikilizeni. Mwaka 1913, mtafiti mmoja Mmarekani, James Chapin, aliona manyoya ya ajabu kwenye kofia ya mtu wa Avakubi, katika Ituri. Hakujua ni ya ndege gani. Miaka 23 ilipita. Mwaka 1936, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili wakavu waliosahauliwa juu ya kabati, wamepewa jina lisilo lao. Ndipo dunia ikajua tausi wa Kongo, ambaye haishi katika nchi nyingine yoyote. Yule mwenye kofia alikuwa anamjua zamani, bila shaka. Lakini bila kitu kilichohifadhiwa, ujuzi wake haungefika mbali.

Na bundi mmoja wa milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1951. Mara ya pili watafiti walimshika ilikuwa mwaka 1996. Miaka 45 katikati! Aliisha? Aliongezeka? Alihama? Hakuna aliyekuwa anapita kuangalia. Hivyo ndivyo kukosa utafiti kunavyokuwa: ndege anaweza kuwa hai na sisi hatujui, au anaweza kufa na sisi hatujui vilevile.

5. "Watu kwanza, ndege baadaye"

Sasa tujibu lile swali la mwanzo. Kuna mtoto anayekosa chakula kambini. Je, ni haki kutoa dola moja juu ya ndege?

Jibu letu: kama kuna dola moja tu, na mtoto ana njaa, mupe mtoto. Hatutaki kumdanganya mtu.

Lakini tuangalie mambo matatu. Kwanza, feza iliyokatwa kwa ndege haikuhamishwa kwa mtoto. Vyote viwili vilikatwa siku ile ile. Pili, kazi ya kuhesabu ni kati ya kazi za bei ndogo sana. Duniani kote kuna hesabu ya ndege wa maji inayofanyika kila mwezi wa Januari toka mwaka 1967, na wengi wanaohesabu ni watu wa kujitolea. Kinachohitaji feza ni kuunganisha kaye zao, kuwafundisha, na kupima magonjwa. Tatu, mara nyingi wale wanaoumia ndege wakipotea ni wale wale wenye njaa: mwenye kuku watano, mwenye shamba dogo, mwenye ngombe mmoja.

Tuseme ukweli mwingine pia. Wakulima wengi hawana mapendo na neno "uhifadhi". Wengine wamefukuzwa kwenye mashamba yaliyo mpakani mwa mbuga. Wengine wameona magari mazuri ya miradi yakipita, na hawakuona faida. Malalamiko hayo yana msingi. Walinzi wa Virunga pia wana yao: zaidi ya 200 wameuawa kazini katika miaka hii. Kukata feza hakumalizi ugomvi kati ya hawa na wale. Kunaondoa tu meza ambapo wangekaa kuongea, na kunawaachia njia wale wanaokata makala usiku na kununua kasuku kwa siri.

Kasuku wa kijivu anatufundisha hapo. Ghana, watafiti walirudi mahali ambapo kasuku walihesabiwa miaka ya 1990, wakakuta zaidi ya asilimia 90 wameisha. Juu ya habari za namna hiyo, mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Sheria ilizaliwa kwa hesabu. Lakini sheria bila mtu wa kuangalia kwenye pori, sokoni na mpakani ni karatasi tu. Na kasuku anayekamatwa kwa gundi Kongo, mtu anayepata feza nyingi si yule aliyepanda mti.

6. Koperative inaweza kufanya nini?

Hatuwezi kuchukua nafasi ya serikali wala ya maabara. Tusijidanganye. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba miaka hii isiwe kurasa nyeupe. Hii ndiyo njia:

Moja. Chagueni watu wawili, heri mama mmoja na kijana mmoja, wenye macho mazuri na uvumilivu. Wawili, ili mmoja akiugua au akikimbia, mwingine aendelee.

Mbili. Chagueni mahali pamoja pa kuhesabia: bonde, kando ya mto, miti ya kulalia ndege. Pawe mahali salama. Kama kuna hali ya vita, musiende. Hakuna hesabu ya ndege inayofaa maisha ya mtu. Na musibebe darubini bila kumjulisha kwanza chefu wa kijiji na wenye usalama, kwa sababu siku hizi mtu mwenye darubini anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi.

Tatu. Chagueni ndege watano tu ambao kila mtu anawatambua. Kwa mfano: yangeyange, mbayuwayu, bundi, tai, na korongo mwenye taji, yule ambaye wanaosema Kinyarwanda wanamwita umusambi. Huyu korongo yuko katika hatari ya kuisha duniani, na mabonde yetu ni makao yake.

Nne. Hesabuni mara moja kwa mwezi, siku ile ile, saa ile ile, kwa dakika 30. Andikeni katika kaye: tarehe, saa, hali ya hewa, hesabu ya kila ndege. Kama hamkuona hata mmoja, andikeni 0. Sifuri nayo ni habari. Kama hamkuenda, andikeni "hatukuenda". Musijaze namba ya kubahatisha, maana kaye yenye uongo ni mbaya kuliko kukosa kaye.

Tano. Kando ya hesabu, andikeni kilichotokea shambani mwezi ule: dawa gani ilipigwa, moto ulichoma wapi, miti ilikatwa wapi, panya walikuwa wengi au wachache.

Sita. Mukiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, musiwaguse kwa mikono na musiwale. Fukuzeni watoto na mbwa. Fungeni kuku na bata wenu ndani, wasikutane na ndege wa porini wala maji yao. Siku ile ile mujulishe veterineri wa eneo au inspeksheni ya mifugo. Kama ni mbali, mujulishe ofisi ya koperative ili ipige simu.

Saba. Kila miezi mitatu, someni kaye mbele ya mkutano. Pigeni picha za kurasa kwa simu na kuzituma kwa mtu mmoja aliye mjini, ili nyumba ikiungua au mukikimbia, kazi isipotee.

Kuhusu gharama: kaye moja, biki moja, na saa moja ya watu wawili kwa mwezi. Kikundi cha AVEC kinaweza kuibeba kutoka sanduku la jamii bila kugusa akiba za wanachama. Feza ndogo inayotoka mfukoni mwenu kila mwezi ina nguvu moja ambayo feza kubwa ya mfadhili haina: hakuna mtu wa mbali anayeweza kuikata kwa saini.

Kuna faida nyingine. Siku wafadhili au serikali watakaporudi, na watauliza "tuanzie wapi?", koperative yenye kaye ya miaka mitatu itakaa mezani kama mwenye habari. Koperative isiyo na kaye itakaa kama mwenye kuomba.

7. Ndege hawana kadi ya uchaguzi

Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliweka vyombo vidogo vya setilaiti kwenye kekeo watano. Walitaka kujua wanakwenda wapi wakati wa baridi. Kekeo wale walivuka bahari na jangwa, wakaja kukaa katika bonde la Kongo. Ndege wanaolia masika katika mashamba ya Uingereza wanakula viwavi vyetu mwezi wa Desemba. Kwa hiyo London ikikata feza ya uhifadhi huku, inakata pia kamba ya ndege wake yenyewe. Na sisi tukichoma pori, tunaharibu masika ya mkulima wa mbali ambaye hatutamwona.

Hili linafaa kusemwa wazi kwa wakubwa wetu pia. Serikali za mbali zimeonyesha kwamba zinaweza kuondoka kwa siku moja. Kazi ambayo ni ya lazima kwa mkulima, kama kupima magonjwa ya mifugo na kulipa watafiti wa nchi, haipaswi kuning'inia kwenye tawi la mwenzake. Mukikutana na mjumbe, na mtu wa mazingira au wa kilimo, muulizeni: katika bajeti yetu wenyewe, mstari huo uko wapi?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni ndege gani ambaye wazee wenu walimwona mara nyingi na nyinyi hamumuoni tena? Alipotea karibu mwaka gani, na nini kilikuwa kimebadilika?
2. Katika kijiji chenu, mtu akiona kuku wengi wanakufa, anamwambia nani? Habari inaishia wapi?
3. Ni dawa gani za wadudu na za panya zinazotumiwa kwenu? Ni nani anayeandika zilipigwa lini na wapi?
4. Bundi akionekana kijijini, watu wanafanya nini? Depo yenu ina panya kiasi gani?
5. Kama musaada wote wa nje ungeisha kesho, ni kazi gani moja ya koperative mungeendelea nayo kwa feza yenu wenyewe, na kwa nini hiyo?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano unaokuja, wale wawili waliochaguliwa wahesabu mara ya kwanza na walete ukurasa wa kwanza wa kaye. Musingoje fomu kutoka kwetu. Chora mistari kwa biki, andika tarehe, anza.